Kurudi Nyuma si Kukimbia: Mapigano ya Krete ya Mwaka 1941 katika Historia na Fasihi

Wasomaji wengi wa Kiswahili hukutana na kisiwa cha Krete kwanza katika Biblia, pale merikebu iliyomchukua Paulo kwenda Rumi ilipopita kandokando yake kabla ya kukumbwa na dhoruba. Aghalabu hukomea hapo. Hata hivyo, katika karne ya 20 kisiwa hicho kilishuhudia jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea duniani: kuvamiwa na kutwaliwa na jeshi lililoshuka kutoka angani. Siku 13 za uvamizi huo, toka tarehe 20 Mei hadi tarehe 1 Juni 1941, zimezaa vitabu vingi vya historia, riwaya moja mashuhuri ya Kiingereza na kumbukumbu za mchungaji mmoja wa kondoo ambazo wanafunzi wa fasihi hawana budi kuzijua. Makala hii inakusudia kueleza jinsi majeshi ya Jumuiya ya Madola yalivyorudi nyuma yakipigana hadi pwani ya kusini ya kisiwa, na namna fasihi ilivyolikabili swali ambalo wanajeshi wenyewe hawakulimaliza: nani aondoke kwanza na nani abaki?

Inafaa kulitazama neno lenyewe kabla ya kuingia vitani. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, kukimbia, kutoroka na kurudi nyuma hukaribiana mno, na yote matatu hunuka woga. Kwa askari lakini, tofauti yake ni kama ya usiku na mchana. Anayekimbia humpa adui mgongo. Anayetoroka huwapa wenzake mgongo. Anayerudi nyuma akipigana hampi yeyote mgongo. Hali yake ni ya mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume huku akipigana na aliye juu yake. Kila kidato sharti akipapase kwa unyayo kabla ya kukikanyaga kwa uzito wote, na macho yake hayawezi kutoka kwa adui. Ndiyo maana wajuzi wa vita huliona zoezi hili kuwa gumu kuliko hata kushambulia.

Krete ni kisiwa chembamba na kirefu, takriban kilomita 260 toka magharibi hadi mashariki. Bandari, miji na viwanja vyake vitatu vya ndege vya wakati huo, yaani Maleme, Rethymno na Heraklion, vyote vilikuwa upande wa kaskazini unaoitazama Ugiriki bara, ambayo Wajerumani walikuwa wameshaiteka mwezi wa Aprili. Upande wa kusini ni majabali yanayoporomoka hadi baharini. Kwa hiyo kisiwa kilikuwa kimempa adui uso na kuwapa rafiki kisogo, kwani meli za Waingereza zilitoka Misri, kusini.

Mlinzi mkuu wa kisiwa alikuwa Meja Jenerali Bernard Freyberg wa New Zealand, aliyekabidhiwa kazi hiyo tarehe 30 Aprili, siku 20 tu kabla ya uvamizi. Alikuwa na askari takriban 32,000 wa Uingereza, New Zealand na Australia, pamoja na Wagiriki wapatao 10,000. Idadi hiyo yaweza kumhadaa msomaji. Wengi wao walikuwa wametolewa Ugiriki kwa meli wiki chache zilizotangulia, wakaacha huko mizinga, magari na hata majembe. Wengine walichimba mahandaki kwa kofia zao za chuma. Baadhi ya mizinga waliyopewa ilitekwa kwa Waitalia na haikuwa na vifaa vya kulengea shabaha. Ndege za kivita za mwisho za Waingereza ziliondoka kisiwani tarehe 19 Mei. Siku hiyohiyo, katika mlima wa Amba Alagi huko Ethiopia, Mwitalia Duke wa Aosta alikuwa akijisalimisha kwa Waingereza; huyo ndiye aliyefia Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka na kuzikwa Nyeri. Waingereza waliokuwa wakimaliza ushindi Afrika Mashariki walikuwa siku moja tu mbali na kushindwa kwao Krete.

Asubuhi ya tarehe 20 Mei, baada ya mabomu ya kutayarisha njia, ndege za uchukuzi za Wajerumani zilijaza anga la Maleme na Chania. Nyingine zilikokota ndege zisizo na injini, zilizoachiliwa zitelemke kimya zikiwa na askari ndani. Alasiri ikaja zamu ya Rethymno na Heraklion. Jenerali Kurt Student, aliyeubuni mpango huo, aliamini kwamba mwavuli ungeyafanya majeshi ya nchi kavu yaonekane mambo ya kale. Haikuwa rahisi hivyo. Mwavuli wa Kijerumani ulimning'iniza askari kwa mgongo, asiweze kuuelekeza, na silaha zake nzito zilishuka kando katika makasha. Kwa muda huo mtu huyo alikuwa na bastola na mabomu machache ya mkono, akielea mbele ya bunduki zilizomsubiri. Batalioni moja iliyoangukia mashariki ya Maleme ilipoteza karibu askari 400 kati ya 600 siku ile ya kwanza. Wengine waliuawa na wanakijiji waliotoka na visu, mashoka na bunduki za kuwindia. Ilipofika magharibi, Wajerumani hawakuwa wameshika kiwanja hata kimoja.

Usiku ule ndio uliogeuza vita. Juu ya Maleme kuna kilima ambacho ramani za kijeshi zilikiita Kilima 107. Kililindwa na batalioni ya 22 ya New Zealand chini ya Luteni Kanali Leslie Andrew, mtu ambaye hakuna awezaye kumwita mwoga, kwani alikuwa amepata nishani ya Msalaba wa Victoria katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Simu zake zilikuwa zimekatwa na mabomu. Kombania zake za mbele hazikuleta habari, akadhani zimeangamia. Vifaru viwili alivyovituma viliharibika. Aliomba msaada wa batalioni ya jirani, akanyimwa. Usiku akawaondoa watu wake kilimani, asijue kwamba kombania mbili kati ya zile alizozidhania zimekufa zilikuwa zingali zimeshikilia mahali pake. Kulipopambazuka, Wajerumani walikikuta kilima kitupu. Alasiri ya tarehe 21 ndege zao zikaanza kutua Maleme zikishusha askari wa milimani, huku mizinga iliyosalia ikizipiga. Jaribio la kukirejesha kiwanja usiku wa kuamkia tarehe 22 lilichelewa kuanza, mapambazuko yakawakuta washambulizi wazi chini ya ndege.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawezi kukisoma kisa cha kilima hiki bila kuukumbuka mlima wa Uhud na wapiga mishale waliouacha, kisa ambacho Haji Chum alikitungia Utenzi wa Vita vya Uhud, uliochapishwa mwaka 1962. Ulinganisho huo una mpaka wake. Wa Uhud waliacha mahali pao kwa kuziona ngawira. Wa Maleme kwa kutoona chochote. Masimulizi ya kitenzi hupenda kosa liwe na mwenyewe, lipate jina na funzo. Vita vya kisasa mara nyingi humnyima msimulizi raha hiyo: kosa la Maleme limegawanyika kati ya waya uliokatika, ombi lililokataliwa na saa chache za giza. Hata Freyberg mwenyewe bado anajadiliwa. Tangu siri ya kufumbuliwa kwa mawasiliano ya Wajerumani ilipotolewa hadharani katika miaka ya 1970, wanahistoria wamebishana kama aliisoma vibaya taarifa aliyopewa, akaendelea kuihofia bahari ilhali hatari ilitoka juu.

Tarehe 26 Mei Freyberg alimwarifu mkuu wake, Jenerali Wavell, kwamba Krete haishikiki tena. Idhini ya kuondoka ilifika siku iliyofuata. Hapo kukaanza safari ya kutoka ghuba ya Suda, kaskazini, kupanda Milima Myeupe ambayo vilele vyake vinapita mita 2,400, kisha kushuka hadi kijiji kidogo cha wavuvi cha Sfakia. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Kwa watu wenye kiu, viatu vilivyokatika soli na ndege za adui juu yao mchana kutwa, ulikuwa mwendo wa siku nne.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kikosi kimoja hushika mahali pembamba pa njia, daraja au mdomo wa korongo, kikakaa hapo mchana wote ili wengine wapite. Usiku ukiingia, huondoka kimyakimya na kupita katikati ya kikosi cha pili ambacho tayari kimejipanga maili kadhaa nyuma. Kesho yake cha pili hufanya kazi ya cha kwanza. Hatari kubwa haiko katika kupigana bali katika ile saa ya kuachana: ukiondoka mapema mno, adui huwafikia waliochoka, ukichelewa, huzungukwa. Na yote hutegemea imani ya jambo moja, kwamba yule aliyeahidi kukungoja nyuma yuko kweli. Ikivunjika imani hiyo, kurudi nyuma hugeuka kukimbia kwa muda wa nusu saa.

Asubuhi ya tarehe 27 Mei, kwenye barabara ya mashamba karibu na Suda ambayo askari waliibandika jina la Mtaa wa 42 kwa sababu kombania ya 42 ya wahandisi ilikuwa imepiga kambi hapo, Wajerumani wa kikosi cha milimani walisonga mbele wakidhani wanawafukuza watu waliokwisha vunjika moyo. Batalioni ya 28 ya Wamaori na batalioni ya 2/7 ya Australia zikainuka kutoka ukingo wa barabara na kuwarukia kwa singe. Wamaori waliingia kwa haka, ngoma yao ya vita. Zaidi ya Wajerumani 200 waliuawa, na kwa siku nzima waliosalia hawakusogea kwa pupa tena. Pigo la namna hiyo halikukusudiwa kushinda vita. Lilinunua saa, na saa ndizo zilizokuwa sarafu ya kisiwa kile. Tarehe 28 pakawa na mapigano ya Stylos na ya Babali Hani. Tarehe 30, juu kidogo ya Sfakia, Luteni Charles Upham aliipeleka platuni yake iliyochoka kupanda mwamba na kuliziba bonde ambalo Wajerumani walikuwa wakilipitia. 22 kati yao waliuawa pale. Batalioni yake ilikuwa inakaribia kuondoka.

Sfakia ndiko kulikokuwa na jaribio zito kuliko yote, nalo halikuwa la bunduki. Barabara kutoka milimani haikuwa imekamilika. Ilifika ukingoni mwa jabali ikakatika, na kuanzia hapo palikuwa na njia ya mbuzi tu kuteremka hadi ufuoni. Meli ziliweza kupakia kati ya saa sita usiku na saa tisa alfajiri pekee, ili kupambazukapo ziwe zimekwenda mbali na ndege za adui. Alexandria ilikuwa zaidi ya kilomita 600. Usiku nne za namna hiyo, tarehe 28 hadi 31 Mei, ziliwaokoa watu wapatao 12,000 kutoka Sfakia. Wengine 4,000 walichukuliwa Heraklion kwa usiku mmoja, lakini mmoja katika kila watano wao hakufika Misri: manowari mbili zilipotea njiani, na ndani ya Orion pekee waliuawa watu wapatao 260. Admirali Cunningham, aliyeshauriwa asihatarishe meli zaidi, alishikilia kwamba jeshi la majini haliwezi kuwaacha askari wa nchi kavu. Walioko Rethymno, Waaustralia waliokuwa wameshinda mapigano yao yote, hawakupata amri ya kuondoka, kwa hiyo wakatekwa.

Maadamu nafasi hazikutosha, ilibidi pawe na orodha. Freyberg aliamuru askari wa vikosi vya mapigano watangulie, kwa kuwa ndio wangehitajika tena. Wapishi, wapagazi wa bandarini na mafundi wasio na maafisa walisukumwa kando, na walinzi wenye silaha wakawekwa kwenye njia ya kushukia ufuoni. Haki ya amri hiyo inaweza kutetewa kijeshi, lakini haikuwa rahisi kuielewa kwa mtu aliyetembea milima siku nne na kuambiwa kwamba hana kikosi. Hata ndani ya vikosi palikuwa na kuchagua: Luteni Kanali Howard Kippenberger alilazimika kuwataja baadhi ya watu wa batalioni yake wabaki. Usiku wa mwisho batalioni ya 2/7 ya Australia, ileile ya Mtaa wa 42, ilitoka kwenye safu ya ulinzi ikashuka gizani, ikakuta njia imezibwa na umati. Ilipofika ufuoni mashua zilikuwa zimekwenda. Kamanda wake, Theo Walker, alibaki na watu wake na asubuhi ya tarehe 1 Juni akajisalimisha kwa niaba ya zaidi ya askari 5,000.

Usiku huohuo waliondoka maafisa kadhaa wa Layforce, kikosi cha makomando cha Kanali Robert Laycock. Kikosi hicho cha watu 800 hivi kilikuwa kimepangiwa kuondoka mwisho, na takriban 600 kati yao waliuawa au kutekwa. Miongoni mwa waliopanda mashua alikuwa afisa wa ujasusi aliyeitwa Evelyn Waugh, mwandishi wa riwaya, ambaye miaka kumi kabla yake alikuwa amezuru Kenya na Zanzibar na kuandika juu ya safari hiyo. Je, Laycock alikuwa na haki ya kuondoka? Antony Beevor, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu Krete, alidai kwamba hakuwa nayo. Donat Gallagher, katika kitabu cha mwaka 2014 alichoandika na Carlos Villar Flor, aliipinga tuhuma hiyo kwa kuzichambua amri na saa za usiku ule. Kesi hii haijafungwa.

Waugh mwenyewe alikaa miaka 14 kabla ya kuchapisha Officers and Gentlemen (1955), riwaya ya pili katika utatu wake wa Sword of Honour. Atakayeifungua akitafuta ushujaa wa Mtaa wa 42 hataupata. Mapigano yako mbali, yanasikika nyuma ya kilima. Msomaji anaoneshwa barabara iliyojaa watu wasio na maafisa, njaa, na Meja Hound, mtu wa kanuni na karatasi, akimomonyoka utu hatua kwa hatua. Mhusika mkuu, Guy Crouchback, anatembea huku na huko akitafuta mtu wa kumpa amri. Kilele ni kidogo kwa kimo na kizito kwa maana: Ivor Claire, rafiki anayemwona kuwa kielelezo cha muungwana, anawaacha askari wake na kupanda meli. Guy anao ushahidi katika daftari lake la amri, na Ujerumani inapoishambulia Urusi mwezi wa Juni anaamua kulichoma. Riwaya hiyo imetabarukiwa kwa Laycock. Wengine huona hapo heshima, wengine kejeli, wengine toba iliyofichwa. Lililo wazi ni kwamba Waugh aliusogeza uzito kutoka swali la kihistoria la nani alivunja amri kwenda swali la kitabia: mtu humfanyia nini rafiki aliyeanguka? Ni hila ya kale ya fasihi, nayo inafanya kazi. Udhaifu wa riwaya ni kwamba Wakrete wenyewe ni kivuli tu ndani yake, watu wa kutoa maji na kuonesha njia.

Nao ndio waliolipa deni refu zaidi. Mwishoni mwa Mei, Student alitoa amri ya kuwaadhibu raia waliopigana. Tarehe 2 Juni wanaume wa kijiji cha Kondomari walipigwa risasi shambani, mpigapicha wa jeshi la Ujerumani akichukua picha. Kesho yake kijiji cha Kandanos kilichomwa na wakazi wake wapatao 180 wakauawa. Mwaka 1945 mwandishi mkubwa wa Krete, Nikos Kazantzakis, alizunguka vijijini akiwa katika kamati iliyokusanya ushahidi wa maovu hayo. Ujerumani nayo ilipoteza takriban askari 4,000 waliokufa au kutojulikana walipo, na Hitler hakuruhusu tena uvamizi mkubwa wa namna ile.

Kwa upande wa Kiswahili, vita vile vikuu viliingia ushairini kupitia Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, utungo mrefu kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 uliochapishwa mwaka 1967. Hemedi Abdallah el-Buhriy alikuwa ametangulia kuonesha, katika utenzi wake wa vita vya Wadachi, kwamba aliyeshindwa pwani kwake anaweza kusimulia kushindwa huko bila kujidhalilisha. Krete ina mtu wake wa kufananishwa naye. George Psychoundakis alikuwa mchungaji maskini wa kijiji cha Asi Gonia. Baada ya kisiwa kutekwa aliwaongoza baadhi ya askari waliosalia milimani, kisha akawa mjumbe wa upinzani, akipeleka barua na vifaa kwa miguu kupitia milima ileile ya safari ya Sfakia hadi Wajerumani waliposalimu amri. Waingereza walimtunuku nishani. Serikali ya nchi yake, kwa kosa la makarani, ikamkamata kama mtoro wa jeshi na kumfunga kwa miezi kadhaa. Baadaye, akifanya kibarua cha kutengeneza barabara, aliandika kumbukumbu zake, ambazo Patrick Leigh Fermor alizitafsiri kwa Kiingereza kwa jina The Cretan Runner mwaka uleule wa 1955 iliotoka riwaya ya Waugh. Alikuja pia kuzitafsiri Iliad na Odyssey za Homer kwa lahaja ya Krete, si kwa Kigiriki sanifu, na Chuo cha Taaluma cha Athens kikamtuza. Kwa miaka mingi, hadi alipostaafu, riziki yake ilitokana na kazi ya kutunza makaburi ya Wajerumani ya Maleme, 4,465 kwa hesabu, yaliyopangwa mteremkoni mwa Kilima 107.